Nyungunyungu Mwenye Meno

Kwa miaka miwili nilimwita mama yangu "mama" mbele ya chuo kizima, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ni mama yangu. Kiswahili kilinisitiri. Mwanamke wa umri ule, kitambaa kichwani, jembe mkononi, kila mtu humwita mama. Mhasibu alimwita mama, mlinzi wa getini alimwita mama, mkuu wa chuo mwenyewe, na mvi zake zote, alimwita mama. Mimi nikajibanza humo humo katikati ya wanafunzi mia nne, nikamwamkia "Shikamoo mama" kama wenzangu, naye akaitika "Marahaba mwanangu" kama alivyowaitikia wote.

Alikuwa mtunza bustani wa chuo chetu cha ualimu. Alianza kazi ile mimi nikiwa bado mgongoni, na migomba yote iliyo nyuma ya karakana aliipanda yeye. Nilipopata nafasi ya kusoma pale pale, alifurahi hadi akafagia njia ya bweni letu mara mbili kwa asubuhi moja. Wiki hiyo hiyo ya kwanza mwenzangu wa chumba akachungulia dirishani, akasema, "Huyu mama anatuamsha na fagio lake alfajiri yote hii, kwani kwake hana watoto wa kuwasumbua?" Nikacheka. Ningeweza kusema neno moja tu, mambo yakaisha. Sikulisema siku ile, na neno usilolisema siku ya kwanza huota mizizi. Jumapili nikienda kwake, vyumba viwili vya bati ng'ambo ya barabara, nilikuwa naaga kwamba naenda kwa shangazi. Sijui nani alimfikishia habari. Jumapili moja nilipobisha hodi alifungua mlango, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Karibu. Shangazi yako yupo." Kisha akanimiminia chai tukazungumza mengine. Ndivyo alivyo mama. Hapigi wala hagombi, anakuchoma sindano moja halafu anakupa chai.

Sasa nije kwenye vyura.

Mwaka wa pili tulifundishwa baiolojia na mwalimu tuliyempachika jina la Gambuti, kwa sababu alivaa gambuti, yale mabuti marefu ya mpira, darasani, kantini, hata kwenye mahafali. Siku moja alifunga kitabu puu, akasema, "Nyinyi mnajua simba ana meno mangapi, na simba wenyewe hamjawahi kumwona. Chura anayeishi nyuma ya choo chenu hamumjui." Akatutangazia mafunzo ya nje ya siku kumi. Kundi letu la watu kumi na wawili lingemtafuta kila amfibia na kila reptilia aliye ndani ya uzio wa chuo, kuanzia karakana hadi kijito cha chini, na orodha yetu ingekuwa ya kwanza tangu chuo kijengwe. Ingefungwa Jumamosi ya pili saa sita mchana. Na alikuwa na sheria moja asiyoipunguza hata kidogo: mnyama haandikwi mpaka aonwe na watu wawili, pamoja na mahali na saa. "Mtu mmoja huona ndoto," alisema. "Wakiona wawili, tunaanza kuzungumza."

Mimi nilipewa daftari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mwalimu akasema pia tunahitaji mtu anayelijua kila shimo la pale. Asubuhi ya kwanza tukamkuta mtu huyo ameshatangulia kwenye nyasi, kitambaa kichwani, jembe begani. Nikainamia daftari.

"Shikamoo mama," tukaimba wote.

"Marahaba wanangu," akasema mama yangu, na macho yake yakanipita bila kusimama.

Hata hivyo niseme kweli, sijawahi kufurahia masomo kama siku zile. Tulifukia ndoo ardhini, midomo yake sawa na udongo, tukasimamisha ukuta mfupi wa turubai kati ya ndoo na ndoo, ili mnyama akitambaa akutane na ukuta, aufuate, adumbukie. Kila asubuhi tulikimbilia ndoo zile kama watoto wanaokwenda kuangalia kama kuku ametaga. Ndoo ya kwanza kabisa ilikuwa na chura mdogo wa kahawia ambaye angeweza kukaa juu ya ukucha wa dole gumba na nafasi ikabaki. Nilimwinamia kwa furaha hadi nikasahau kuandika. Nilipotaka kumshika, Mwalimu akanidaka mkono, akaunusa. "Umejipaka losheni. Huyu ngozi yake ndiyo inayokunywa maji, na hewa pia anaivuta kwa ngozi hiyo. Unataka kumnywesha manukato?" Siku nzima nikawa mtu wa kuandika tu, nakasirika huku natabasamu.

Kulikuwa na kijana tuliyemwita Mtanashati, aliyekuja siku ile na viatu vyeupe. Chura wake wa kwanza, wale wakubwa wenye mabaka, alimkojolea kiganjani. Akarusha mikono juu, chura akatua shingoni kwa Mwalimu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tukajua hatutamwona tena mtu wa marashi kama yule, lakini kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, amevaa gambuti alizoazima stoo, zote mbili za kushoto. Na siku ya tatu, ndoo ya bondeni ilipotoa nyoka mwembamba wa kijani na wengine tukapandana mabegani, yeye ndiye aliyesogea mbele. Mama akamvuta kola.

"Tazama kwa macho," akamwambia. "Huyo mpole, lakini hajakutambulisha kwao."

Mwalimu akasema mama amesema vema, nyoka hashikwi kwa mkono, awe mpole, awe mkali, umjue, usimjue. Akampandisha taratibu kwa fimbo yake ndefu ya ndoano, akamlaza nyasini, na nyoka akaondoka zake bila haraka. Niliandika saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nilichotaka ni kuona mwingine.

Mama alikuwa na mpango wake wa wanyama ambao niliukariri tangu utotoni. Kwake kila kiumbe kilikuwa na cheo cha undugu. Kenge alikuwa mjomba, kwa sababu huja bila taarifa na akiondoka mayai yamepungua. Kinyonga alikuwa bibi harusi, kwa mwendo. Kobe alikuwa baba mkwe, maana ukikutana naye njiani wewe ndiye unayepisha. Mijusi wa ukutani walikuwa wapangaji, kodi yao mbu. Wenzangu walivunjika mbavu, lakini Mwalimu aliacha kuandika akamsikiliza. "Hiyo ndiyo kazi yetu yote," akatuambia. "Nani ni ndugu wa nani. Mjusi na nyoka ni watoto wa ukoo mmoja, ngozi kavu, magamba. Chura ni ukoo mwingine kabisa, ngozi yake haina magamba na haitaki kukauka. Usidanganywe na miguu. Tazama ngozi."

Siku ya nne ndipo mama aliposema.

"Mwalimu, yupo mmoja hamjamtaja. Anakaa chini ya udongo, kwenye shimo la mboji nyuma ya migomba. Mrefu kama penseli mbili, hana miguu, mwili una pete pete kama nyungunyungu. Lakini si nyungunyungu. Ana meno. Aliwahi kuning'ata kidole."

"Basi ni nyoka huyo, mama," akasema Mtanashati.

"Si nyoka. Nyoka mkavu. Huyu ngozi yake mbichi, inateleza, na ukimwacha juani anakufa upesi sana. Mimi namhesabu ni ndugu wa chura."

Kicheko kilicholipuka pale kingeweza kuwaamsha wapangaji wote ukutani. Ndugu wa chura asiye na miguu. Nyungunyungu mwenye meno. "Na mswaki anao?" akauliza Mtanashati, machozi yakimtoka. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama wima, kalamu hewani.

"Mama, kuna mtu mwingine aliyemwona?"

Alikuwepo, na ni mimi. Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa anachimba shimo lile lile, mimi nimebeba ndoo ya maganda kutoka jikoni mwa chuo, akapindua bonge la udongo na kile kitu kikatoka, cha rangi ya kijivu inayokaribia bluu, kinang'aa. Akakishika, kikafungua mdomo mdogo, kikamng'ata. Nilipiga yowe. Yeye alicheka, akakirudisha, akakifunika kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Lakini kusema nimemwona mnyama ni kusema pia nilikuwa nafanya nini kwenye shimo la taka la chuo nikiwa na miaka saba, na nilikuwa na nani.

Mama hakunitazama. Alitazama jembe lake.

"Nilikuwa peke yangu," akasema.

Nilijua kabisa alichokifanya. Alikuwa ameshikilia kitu alichotaka kuliko vyote, kuaminiwa mara moja na watu wa vitabu, akakiachia ili siri yangu isidondoke. Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nilijitia usomi. Mtanashati aliponiuliza daftarini tuandike nini, nikasema kwa sauti ya mwalimu wa mazoezi, "Mama, nafikiri uliona nyungunyungu mkubwa tu." Nikaandika: Nyungunyungu. Si wetu.

"Huenda, mwanangu," akasema.

Mwalimu hata hivyo alitaka kutafuta. Tulichimba siku tatu kwenye jua kali, udongo umekauka kama tofali, tukapata nyungunyungu wa kweli wawili na kijiko cha kantini. Jina la Mama Meno likaenea chuo kizima. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita hivyo, naye akaitika kwa uso mkunjufu. Kila nilipolisikia nilitamani kumpiga mtu, na mtu wa kwanza aliyestahili ni mimi.

Alhamisi jioni mvua ikashuka. Ijumaa ikanyesha kutwa. Mama alipita nje ya bwalo na gunia begani kama mwavuli, akasimama karibu na dirisha nililokaa, akasema na hewa tu, "Mvua kama hii, wa chini hupanda juu." Akaendelea na safari yake.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa darasani. Orodha ilikuwa na wanyama thelathini na mmoja, na tulijivuna nao kama tumewazaa sisi. Mwalimu alichukua rula ili apige mstari wa kufungia. Nikasimama, na kiti changu kikaanguka.

"Mwalimu, usifunge. Twende kwenye shimo la mboji."

"Tulichimba siku tatu."

"Tulichimba ardhi kavu. Sasa imelowa, atakuwa amepanda."

"Nani kasema?"

"Mama."

"Mama Meno?" akauliza Mtanashati, na darasa likaanza kucheka.

"Huyo huyo," nikasema. "Vaa hizo gambuti zako mbili za kushoto twende, au baki hapa uchekecheke." Sijui hasira ile niliitoa wapi, lakini wote walisimama, na Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni.

Tulimkuta mama amepiga magoti kandokando ya shimo, jembe ameliweka mbali. Hakushangaa kutuona. "Msitumie chuma," akasema, "jembe halichagui." Tukapiga magoti kumzunguka, watu kumi na wawili na mwalimu wao, tukafukua kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unanuka maganda ya ndizi na mvua. Jongoo. Nyungunyungu. Nyungunyungu mwingine. Mtanashati alikunja mikono ya shati lake hadi kwapani, anachambua bonge moja moja kama mtu anayechagua mchele. Kila aliyegusa kitu kinachojikunja alishika pumzi, na sisi wote tulishika naye. Kengele ya saa tano ikalia. Nikaanza kuomba kimoyomoyo.

"Taratibu," akasema mama. "Taratibu. Yupo hapa."

Aliinua bonge la udongo kwa mikono miwili, likapasuka katikati, na pale ndani alikuwamo. Amejikunja kama kamba iliyowekwa vizuri, bluu ya kijivu, pete mwili mzima, unyevu wake unameta. Kichwa chake kilikuwa kichwa kweli, chenye taya. Nilimtambua palepale. Nilihisi miaka saba yangu imerudi mwilini, isipokuwa safari hii yowe lililotaka kunitoka lilikuwa la furaha.

Mwalimu alivua kofia. Akalowesha vidole, akainama hadi kidevu kikagusa tope, akatazama muda mrefu. Tulisikia anahema.

"Ngozi haina gamba hata moja," akasema. "Ana taya, ana meno, ana uti wa mgongo. Nimewasoma hawa vitabuni miaka kumi na tano, sijawahi kumwona aliye hai. Ni amfibia. Jamani, ni ndugu wa chura. Mama alituambia tangu siku ya nne."

Hakuna aliyecheka. Mtanashati alisema polepole, "Mama, nisamehe," na mama akamwambia anyamaze kwanza, atazame pale chini.

Chini ya mkunjo wa yule mnyama kulikuwa na wengine, wadogo kama vipande vya uzi, weupe weupe, sita au saba. Walikuwa wanatambaa juu yake, wanamkwaruza ubavuni kwa midomo. Ngozi ya juu ilikuwa imepauka, na walikuwa wanaibandua na kuila. Yeye ametulia tuli.

"Wanamla," nikasema.

"Wanamla," akasema Mwalimu kwa furaha. "Ni mama yao. Akishapata watoto, ngozi yake ya juu hunenepa kwa mafuta, na wao huzaliwa na meno ya kuibandulia. Wakiimaliza, huota nyingine."

"Anaumia?" akauliza mama.

"Haijulikani kama anaumia. Anapungua uzito."

Mama aliwatazama wale wadogo, akacheka kidogo. "Nami nikasema huyu ni ndugu wa chura. Kumbe ni ndugu yangu."

Wote walicheka naye, kwa upole. Mimi sikuweza. Neno lile lilinipata pale hasa lilipopaswa kunipata, na najua hakulilenga, maana alikuwa na furaha mno hata asiweze kumlenga mtu.

"Haraka, tusiwakaushe," akasema Mwalimu. "Mwandishi. Namba thelathini na mbili. Mahali: shimo la mboji. Shahidi wa kwanza?"

"Mama," nikasema.

"Huyo nani? Andika mtu. Hapa kila mtu ni mama."

"Ni mama yangu."

"Ni mama yetu sote," akasema Mtanashati kwa moyo mweupe, na wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Kiswahili kilikuwa kinanisitiri kwa mara nyingine. Kilikuwa kimenifungulia mlango wa uani nitoke tena, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana," nikasema. "Si mama yetu. Huyu ni mama yangu mzazi. Alinizaa. Na mnyama huyu nilimwona naye hapa hapa nikiwa na miaka saba, mimi ndiye niliyebeba ndoo ya taka. Siku ile mlipouliza, nilikuwepo nikanyamaza."

Mwenzangu wa chumba, naye alikuwa wa kundi letu, alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena, akafunika mdomo.

Mama hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinarudisha udongo juu ya wale wadogo, kidogo kidogo. "Andika na saa," akasema. "Bila saa haihesabiki."

Niliandika saa tano na dakika kumi na nne. Kwenye mstari wa shahidi wa kwanza niliandika majina yake yote matatu, ambayo katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyauliza. Kwenye mstari wa pili niliandika langu. Tope lilinidondokea kwenye karatasi. Mama akanyoosha shingo, akasoma mistari yote miwili polepole, midomo ikienda. Kisha aliketi pale pale kwenye tope, akacheka mpaka akalia, na mimi nikaketi naye.